Mgeni Hapandi Mti

Kitangari, alasiri, kabla hujarudi

Daudi mwanangu,

Umekwenda Newala kuwaaga rafiki zako. Dada yako Modesta yuko jikoni anakutengenezea chakula cha njiani, huku ananung'unika kana kwamba umesimama mbele yake. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, karibu na kinu, na karatasi nimeiweka juu ya kigoda. Nataka nimalize jua likiwa bado lipo, maana sina nia ya kukuwashia taa.

Usiucheke mwandiko wangu. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe, kwa kijiti, mchangani, ulipokuwa darasa la pili, nawe ulikuwa mwalimu asiye na huruma hata chembe. Nikikosea ulifuta mstari mzima kwa mguu na kusema, "Anza tena, Mama." Haya, naanza tena. Palipopinda, mlaumu mwalimu.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za kutoazima watu shoka, za kutolala na nguo mbichi, Modesta atakuambia na hutamsikia, kwa hiyo nitaziruka. Nina jambo moja tu na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Tangu siku ile ya baraza, kila nikifungua kinywa wewe unakumbuka kazi uliyoiacha shambani. Barua hii nitaichomeka juu ya mzigo wako uione mara tu upandapo, na ukiwa juu ya lori huna shamba la kukimbilia.

Nimekukasirikia, Daudi. Naliandika mapema ili lisije likajificha nyuma ya maneno mazuri. Ulisema mbele ya dada yako na mbele ya chungu cha ugali, "Hapa si kwetu, Mama. Miaka yote tumekuwa wageni, na leo nimepata mlango wa kutokea, wewe unataka kuufunga." Kisha ukasusa chakula. Ugali wako nilimpa mbwa, naye alikula vizuri sana.

Tuanzie hapo barazani. Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa mtu anayetaka kitu, na mtu anayetaka kitu husikia nusu. Tena uliondoka kabla baraza halijaisha.

Yule Bwana Shauri kijana, mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alisema serikali imewakumbuka watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wale waliomkimbia Mreno, wakafanya kazi na jeshi la Mwingereza wakati wa vita, na ambao hawana ndugu wala ardhi upande huu, watachukuliwa kwa lori hadi mashamba mapya upande wa Masasi, kupita Lukuledi. Watapewa eneo, jembe, shoka, mbegu, na chakula cha kuwafikisha mavuno ya kwanza. Mwanamume akiwa amefariki, mkewe na watoto wake ndio watakaopewa. Nilisikiliza yote hayo nikiwaza kwamba baba yako amelala kaburini ndipo serikali inaamka.

Karani akaniita. Akaniambia nigeuze uso kwenye mwanga aone nembo zangu. Nikageuza. Hizi chale nilichanjwa nikiwa mwali, kule kwetu, na nililia siku nzima lakini sikukimbia. Kwa miaka yote niliyokaa huku, uso huu ndio ulionifanya niitwe Mmawia, mtu wa ng'ambo, kisimani, sokoni, hata kanisani. Leo karani anautazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika, anasema, "Sawa, huyu ni wa kule kweli." Nilitaka kumwuliza kama ananunua ama anapima kwanza.

Kisha akauliza, "Mama, una ndugu upande huu?"

Ulikuwa nyuma yangu. Ulinibana kiwiko, ukaninong'oneza, "Sema huna." Nami nilimwona Bi Somoe amekaa chini ukutani na kaniki yake, amenyoosha ule mguu wake mbovu, ananitazama. Kaka yake, Mzee Mtipa, alikuwa amesimama kando yake, amekunja uso kama kawaida yake.

Nikasema, "Ninaye dada. Yule pale."

Ukaniachia kiwiko na kuondoka. Nilisikia hatua zako zikitoka barazani, na mpaka leo hujaniuliza ilikuwaje baadaye. Ulisikia tu kutoka kwa watu kwamba jina lako limebaki na langu limefutwa, ukadhani ni bahati. Nitakuambia lilibakije. Lakini kwanza lazima nirudi nyuma, maana hujui kwa nini nisingeweza kusema sina ndugu, hata kama karani angenipa Masasi nzima.

Sisi hatukuvuka Ruvuma kwa kupenda matembezi. Kule Mreno alikuwa akitulazimisha kulima pamba tusiyoila, na wanaume wakikamatwa kwenda kufanya kazi ya barabara mbali. Ndugu wa baba yako, Anselmo, alikamatwa akiwa anaezeka nyumba. Ngazi ilibaki imeegemea ukuta, na Anselmo hakurudi kuishusha. Walipokuja kumtafuta baba yako, walikuta moto unawaka na sisi hatupo. Tulivuka wakati wa kiangazi, mchanga mpana na maji machache, Modesta mgongoni mwangu. Kijiji cha kwanza kutupokea kilikuwa Chilangala. Jumbe wa pale alitupa mahali pa kulala na hakuuliza maswali, Mungu amrehemu.

Hatukukaa sana, vita vikaanza, na waandikishaji wa jeshi wakaja. Baba yako alijipanga. Wakamwuliza kwenu wapi, akasema Chilangala. Wakamwuliza jumbe wako nani, akamtaja mwenyeji wetu. Uso wake ulikuwa na nembo kutoka paji la uso hadi kidevuni, na hakuna aliyeona. Walihitaji mabega. Alikwenda Burma kubeba machela, na wewe ukiwa bado tumboni.

Nilihamia hapa Kitangari kwa sababu ya maji. Unajua uwanda huu, ardhi nzuri, hewa nzuri, na maji yako chini bondeni kama vile mtu aliyaficha kwa makusudi. Kisimani nilikuwa wa mwisho kila siku, Mmawia mwenye tumbo kubwa na mtoto mgongoni. Nikifika mbele, visima vimekauka, yamebaki matope tu. Siku moja mwanamke mmoja mwenye sauti kali alipayuka, "Wee mwenye nembo! Njoo huku mbele. Tumbo hilo halingoji zamu." Wenzake wakalalamika. Akawaambia, "Anayetaka kulalamika abebe hilo tumbo yeye, mimi nitambebea mtungi wake." Huyo ndiye Bi Somoe. Wewe ulizaliwa mikononi mwake. Na ule mguu uliouona ameunyoosha barazani, aliuvunja katika njia ile ya bondeni, masika moja ya utelezi, mtungi mmoja kichwani wa kwake na mwingine mkononi wa kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na homa.

Ndiye aliyenipeleka kwa kaka yake kuomba mahali pa kulima. Mzee Mtipa ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo wao. Hakuniangalia usoni. Alisema, "Lima mihogo. Lima kunde, lima choroko. Mti usipande. Mgeni hapandi mti." Wala hakusema kwa ubaya. Ndiyo desturi, hata kwetu ng'ambo. Mihogo ukiing'oa, ardhi inamrudia mwenyewe. Mti unabaki unasema hapa ni kwa fulani, hata fulani mwenyewe akifa. Nikasema ndiyo, Mzee, na siku ile nilikuwa nasema kweli.

Baba yako akarudi, bega moja chini kuliko jingine. Wewe ulimkimbia ukidhani ni askari amekuja kukamata watu. Wakati huo serikali iliwaita wote waliotoka vitani waende Newala wakasaidiwe kuanza maisha. Asubuhi ya kwenda, akiwa anafunga viatu vyake vya jeshi, aliniuliza, "Nikiulizwa kwetu, niseme wapi?"

Nikamwambia, "Sema kweli. Nimechoka kuishi chini ya jina la kijiji cha watu. Umebeba majeruhi wao, sasa waambie umetoka wapi."

Akasema kweli. Karani akamtazama kana kwamba uso ule umeota siku hiyo hiyo. Akamwambia msaada ni wa watu wa nchi hii, yeye akaulize kwa Mreno wake. Baba yako alirudi kutoka Newala kwa miguu na koti lake la jeshi, na koti hilo ndilo lililokuwa msaada wote.

Sasa, mzazi mwingine angekuandikia hapa kwamba anajuta. Siku ya baraza ulimwambia Modesta kuwa nimerudia kosa lilelile, la kuwaambia makarani ukweli. Umesema sawa, nimelirudia, na wakija tena kesho nitalirudia mara ya tatu. Baba yako hakunilaumu hata siku moja. Alisema alipotoka pale mlangoni alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mto.

Kosa langu halikuwa kusema kweli. Lilikuwa kususa, na hilo nataka ulisome mara mbili. Baada ya siku ile nilisusa kila kilichokuwa na harufu ya serikali. Wenzangu waliitwa kuchanjwa ndui, mimi nikajificha shambani nanyi watoto. Mabomba yalipoletwa uwandani, watu wakapiga vigelegele, mimi nikasema sinywi maji ya serikali. Unakumbuka? Majirani wanakinga maji hapo karibu, wewe na Modesta nawapeleka bondeni na ndoo, mkipanda kile kilima huku mnatweta. Nilijiona shujaa. Bi Somoe akanikuta njiani, akasimama na gongo lake, akacheka mpaka akakohoa. "Mama Daudi," aliniambia, "maji hayana bendera. Ukisusa, sisi twala. Tena mimi mguu huu ulivunjikia huko bondeni, na leo unakwenda huko kwa kiburi? Ungenitukana ingekuwa afadhali." Niliona haya hata nikashindwa kumpa shikamoo. Jioni ile nilikwenda bombani kukinga maji pamoja na wengine, na yalikuwa maji matamu, Mungu anisamehe.

Ndiyo maana hukunisikia nikikuambia usiende. Nenda. Pokea jembe lao, pokea shoka, kula unga wao bila kuona haya hata kidogo. Si sadaka hiyo. Baba yako aliilipia kwa bega lake, katika matope ya nchi ambayo hata jina lake alilitamka kwa shida. Sema asante mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Anayetaka asante ya pili mwonyeshe kaburi.

Nirudi kwenye habari ya miti, maana hiyo ndiyo inayotufikisha kwa Mzee Mtipa.

Baba yako, baada ya kukataliwa Newala, akaanza kusema habari ya kurudi ng'ambo. Kila kiangazi, mto ukipungua, anaanza kutengeneza viatu. Anasema, "Kama huku hawatutaki, heri nikafe kwa Mreno anayenichukia waziwazi." Mimi nilijua akivuka atakamatwa kabla hajaketi. Kumbishia sikuweza, alikuwa na haki ya kukasirika. Basi nikatafuta njia nyingine. Masika yalipoanza, nilikwenda shambani mapema na korosho za mbegu upindoni, na katika kila tuta la tatu, ubavuni mwa muhogo, nikafukia korosho. Mtu aliyepanda mkorosho hana safari, anangoja. Nilitaka baba yako angoje.

Mihogo ilizificha. Majani ya muhogo yakiwa juu, nani atainama kuangalia kijiti chenye majani manne? Hata baba yako sikumwambia. Lakini palizi ilipofika alikwenda peke yake, akarudi jioni, akala, akalala. Siku iliyofuata nilikwenda kuangalia, nikakuta mmoja, ule ulio karibu na njia ya mbuzi, umezungushiwa miiba vizuri, kwa mkono wa mtu aliyezoea kufanya kazi kwa bega moja. Nilikaa chini pale pale kwenye tuta nikalia kwa furaha. Kiangazi kile hakutengeneza viatu.

Mihogo tukaing'oa mwaka wa pili, na mikorosho ikabaki imesimama peupe kama watoto waliovuliwa nguo. Mzee Mtipa akapita. Unajua sauti yake. Aliita ukoo wake wote, akaita na jumbe, tukawekwa katikati.

"Nilikuambia nini, mwanamke?"

"Uliniambia nisipande mti, Mzee."

"Na hii ni nini?"

"Mimi nilipanda mihogo, Mzee. Hii ilikuja kuitembelea."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema nimevunja neno, na alikuwa na haki, nilikuwa nimelivunja. Akataka ing'olewe yote siku ile ile, na sisi tufunge mizigo. Baba yako alikuwa amesimama na koti lake la jeshi, na nilimwona anatazama upande wa Ruvuma.

Hapo Bi Somoe akanyanyuka, kwa shida, na gongo lake. Akasema, "Mtipa. Ardhi hii tumeipata kwa nani?"

"Kwa mama," akajibu.

"Na mimi na wewe, nani alitangulia kutoka tumboni?"

Mzee Mtipa akaigeukia mikorosho.

"Basi mimi, mkubwa wako, nasema hivi. Mgeni hapandi mti, ni kweli, wala sitaki desturi hiyo ifutwe. Huyu nimemchukua kuwa mdogo wangu. Kuanzia leo hakuna mgeni aliyepanda mti hapa. Amepanda dada yako."

Wewe ni mtoto wa kikwetu, unajua maana yake, lakini siku ile ulikuwa mdogo ukicheza na maganda ya mihogo. Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama asiye na ukoo, watoto wake wananing'inia. Kwa neno lile Bi Somoe alikupa ukoo wewe na Modesta, na yule mzee aliyekuja kutufukuza akaondoka pale akiwa mjomba wako. Alikasirika sana. Alikasirika muda mrefu. Lakini ulipokwenda jandoni nani alisimama kama mjomba, akatoa kuku, akangoja mvuani hadi mlipotoka? Mabibo ya kwanza ya mikorosho ile nani alituma watoto wakamwokotee, halafu akasema ni machungu, halafu akatuma tena?

Na baba yako alipokufa, unadhani kaburi lake liko katikati ya makaburi ya nani? Mzee Mtipa ndiye aliyeonyesha mahali. Alisema, "Shemeji yangu alale hapa, kivuli ni kizuri." Kisha akanilalamikia kwamba sanda ni fupi.

Sasa nikufikishe barazani tena, kwenye ile nusu uliyoikimbia.

Niliposema nina dada, karani akasema, "Basi wewe si mkimbizi, Mama. Nakufuta." Nikamwambia futa, mimi sikuja kuomba ukimbizi, nimekuja kusikia mmelikumbuka bega la mume wangu. Akafuta. Kisha akashusha kalamu kwenye jina lako, akasema mwenye mama mwenye ndugu naye ana ndugu, kwa hiyo naye hafai. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwa moyo mmoja, lakini sikuwa na nia ya kukutoa wewe. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Mimi, ambaye unasema sinyamazi.

Aliyesema ni Mzee Mtipa. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya meza, akavua kofia yake, akairudisha kichwani.

"Bwana Shauri," akasema, "mimi njomba wake huyu kijana. Nitasema kidogo. Baba yake alipokwenda vitani, mlisema ni mtu wa huku, mkamchukua. Aliporudi, mkasema ni mtu wa kule, mkamwacha. Leo mnataka mwanawe asiwe na mtu ndipo mumpe jembe. Sasa mimi nauliza, huyu mnataka awe mtu wa wapi? Chagueni. Sisi tulishachagua zamani, wala hatukuandika."

Mkalimani akapeleka maneno hayo kwa Kiingereza. Yalimchukua muda, na nadhani alipunguza makali. Yule kijana Bwana Shauri aliuliza, "Kwa hiyo mzee huyu anamkana mpwa wake au hamkani?" Mzee Mtipa akajibu kabla mkalimani hajamaliza, "Simkani. Siwezi kumkana mtu kwa ajili ya jembe. Lakini jembe la baba yake ni haki yake. Mpeni, na mimi nibaki njomba wake."

Bwana Shauri akaikuna ile pua yake, akatazama nje, akasema jina la kijana libaki kwa haki ya baba yake. Mzee Mtipa akarudi kukaa. Akamwambia Bi Somoe, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Sasa akienda huko nani atapalilia ile mikorosho? Mmenitia hasara tena."

Hivyo ndivyo jina lako lilivyobaki. Aliyelibakiza ni mtu unayesema si wako, mahali unaposema si kwetu. Nami nilijua siku ile ile, na sikukuambia kwa sababu ulinipa kisogo, na mimi pia nina kisogo. Sasa umejua. Sikuamrishi kitu. Lakini lori litapita nyumbani kwake kabla ya kufika barabara kubwa, na yeye huamka mapema, na shikamoo haijawahi kumwangusha mtu kutoka kwenye lori.

Jambo la mwisho, kisha nikalete kuni, maana Modesta ameshaniita mara ya pili.

Nimesikia masharti ya huko uendako. Bwana Shamba atawapimia maeneo, mtalima karanga na mahindi kama mtakavyoelekezwa, na miti ya kudumu hairuhusiwi mpaka serikali iamue ardhi itakuwa ya nani. Nilipoyasikia nilicheka peke yangu hadi Modesta akadhani nimepagawa. Ni Mzee Mtipa mtupu, safari hii amevaa kaptula. Watu wamekupa mahali na wamekuambia usiwe na mahali. Nawe, kwa jinsi ulivyo na hasira ya kuitwa mgeni, unakwenda kuwa mgeni wa mtu mwingine.

Siogopi. Nimekufungia vipando vya mihogo, furushi kubwa la majani, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Mihogo hawaikatazi popote, ni chakula cha njaa, tena Bwana Shamba atakusifu. Panda matuta yako vizuri, yawe marefu, majani yafunge.

Katikati ya vipando hivyo kuna kitambaa kilichokatwa kwenye koti la baba yako. Ndani yake kuna korosho za ule mti wenye miiba, ule wa njia ya mbuzi. Nilizitia majini, zilizoelea nikazitupa, zilizozama ndizo nilizokufungia. Masika yakianza, kila tuta la tatu, ubavuni mwa muhogo. Usimwambie mtu. Siku wakija kukuuliza, watakukuta umesimama kivulini mwa mkorosho.

Nakujua mdomo wako tangu ulipoota meno. Usizikaange.

Mama yako,
Mama Daudi, mdogo wake Bi Somoe